Kabla ya Vita, Hesabu: Nikiifuata Reli ya Umeme ya Gotthard

Kisa cha reli ya Gotthard husimuliwa kwa wepesi. Uswisi haina makaa ya mawe ya kutosha. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, makaa ya kutoka nje yakaadimika, treni zikakosa moto, na nchi ikalazimika kutundika nyaya za umeme juu ya reli zake za milimani. Kisa hiki kina adui, kina dhiki na kina ushindi, ndiyo maana kinapendwa. Lakini kisa kinachoteleza vizuri mno mdomoni kinadai kukaguliwa, na chombo cha kwanza cha mkaguzi ni kalenda. Je, tarehe zinakubaliana nacho?

Hazikubaliani. Treni za umeme zilianza kupita katika handaki kuu la Gotthard mwaka 1920, miaka miwili baada ya bunduki kunyamaza. Hilo peke yake si hoja, maana ujenzi huchukua muda. Hoja imo katika kumbukumbu za fedha: uamuzi wa kutenga fedha za kuitia njia hii umeme ulipitishwa mwaka 1913. Vita vilianza katikati ya mwaka uliofuata. Fedha zilipoidhinishwa, makaa yalikuwa bado yanaingia nchini kama kawaida, mengi yakitoka Ujerumani. Ikiwa uamuzi ulitangulia vita, ni nini basi kilichousukuma?

Swali hilo halijibiki maktabani peke yake. Inabidi kufika Erstfeld, mji mdogo ulio chini ya mlima upande wa kaskazini, mita 472 juu ya usawa wa bahari. Hapo tambarare inakwisha. Kutoka Erstfeld reli inapanda hadi Göschenen, mita 1,106, kwa safari isiyofika kilomita 30. Katika kila mita 1,000 za njia, treni hupanda hadi mita 26. Kuna njia ya miguu inayoandamana na reli, na anayeitembea huuhisi mwinuko huo magotini. Enzi za mvuke, Erstfeld palikuwa mahali pa kuongezea injini, kwa sababu treni nzito haikuweza kupanda bila msaidizi. Kwa nini mwinuko unaoonekana mdogo kwa macho uitaabishe mashine kubwa kiasi hicho?

Hesabu yake ni fupi. Kwenye reli tambarare, nguvu ya kilo 4 au 5 hivi inatosha kuivuta tani moja ya treni kwa mwendo wa wastani. Kwenye mwinuko wa 26 kwa 1,000, uzito wenyewe unadai kilo nyingine 26 kwa kila tani. Mzigo haujaongezeka hata gunia moja, lakini nguvu ya kuuvuta imezidi mara sita. Na injini ya mvuke haivuti mabehewa tu. Ni kama mpagazi anayepanda kilima akiwa amebeba pia jiko lake, kuni zake na maji yake. Nguvu yake haiwezi kuzidi mvuke ambao boila linaweza kuutoa, hata mchochezi akitupa makaa bila kupumzika. Wahandisi waliojenga njia hii hawakuliona tatizo hilo mapema?

Waliliona, na ushahidi uko Wassen. Ili mwinuko usizidi kiwango ambacho mvuke ungeukabili, waliipindisha reli ndani ya mwamba. Inaingia mlimani, inazunguka gizani, kisha inatokea juu ya mahali ilipoingilia. Abiria anayepita Wassen huliona kanisa lile lile mara tatu, kila mara kutoka kimo tofauti. Reli ilirefushwa makusudi ili isiwe kali, na hata hivyo ikabaki kwenye mwinuko wa 26. Njia ilipofunguliwa mwaka 1882, uwezo wa kuchonga mlima ulikuwa umefikia kikomo chake. Kilichobaki kubadilishwa ni injini. Mbona basi mabadiliko hayo yalisubiri karibu miaka 40?

Nikaendelea hadi Göschenen, kwenye mdomo wa handaki la kilomita 15 lililochimbwa tangu 1872. Kumbukumbu za ujenzi zinataja vifo 199. Idadi hiyo naipokea kwa tahadhari, kwa kuwa orodha za namna hii huhesabu waliofia kazini, na wachimbaji wengi waliugua wakarudi makwao. Upande wa pili wa mlima, Airolo, kuna mnara wa kuwakumbuka. Handaki hili ndilo chimbuko la simulizi la pili: kwamba umeme uliletwa na moshi. Madereva na mafundi wa njia walivuta hewa chafu humo ndani kwa miongo, na umeme ukaja kuyaokoa mapafu yao. Simulizi hili lina utu ndani yake. Je, kumbukumbu zinalibeba?

Zinalibeba nusu. Mwaka 1899 mtambo mkubwa wa kupuliza hewa uliwekwa Göschenen ili kuusukuma moshi utoke. Maana yake ni kwamba moshi ulikuwa tatizo la kweli, na pia kwamba dawa yake, japo si kamili, ilipatikana bila umeme. Handaki la Simplon, refu zaidi, karibu kilomita 20, lilipofunguliwa mwaka 1906 liliendeshwa kwa umeme tangu mwanzo. Huko hofu ya moshi ilikuwa na uzito mkubwa. Lakini Gotthard iliendelea na mvuke kwa miaka mingine 14. Moshi unaeleza kwa nini watu waliutamani umeme. Hauelezi kwa nini fedha zilitoka mwaka 1913. Ni nini kilitokea kati ya 1906 na 1913?

Jibu nililitafuta milimani, na nyayo zikanirudisha bondeni. Karibu na Zürich kuna njia ya Seebach hadi Wettingen, kama kilomita 20 tu. Kiwanda kimoja cha mitambo kilijaribu pale, kwa gharama zake, jambo ambalo wengi waliliona hatari: kupitisha volti 15,000 kwenye waya mmoja juu ya reli. Walianza na umeme wa hezi 50, kama huu wa majumbani mwetu, lakini ulivuruga simu za jirani na mota za wakati ule hazikuupenda. Wakashuka hadi hezi 15. Treni zikatembea vizuri. Kisha mwaka 1909 nyaya zikafunguliwa, na mvuke ukarudi. Umeme haukuonekana tena kwenye njia ile hadi mwaka 1942. Jaribio lilikuwa limeshindwa?

Kiufundi, hapana. Lilishindwa kwa daftari la mapato na matumizi. Njia ilikuwa fupi, haina milima ya kutisha, treni zake ni chache, na makaa yalinunulika. Mahali kama hapo mvuke ulikuwa rahisi zaidi. Lakini elimu haikufunguliwa pamoja na nyaya. Mwaka 1913 njia ya Lötschberg ilifunguliwa, ikiwa na handaki la zaidi ya kilomita 14 na mwinuko wa 27 kwa 1,000, na tangu siku ya kwanza iliendeshwa kwa volti 15,000 zile zile. Teknolojia iliyokataliwa bondeni ilikubaliwa mlimani. Mwaka huo huo fedha za Gotthard zikaidhinishwa. Umeme una faida gani mlimani ambayo bondeni haionekani?

Faida ya kwanza ni kwamba kiwanda cha nguvu kinabaki nyumbani. Kichwa cha treni cha umeme hakibebi boila, makaa wala maji. Kinachota nguvu kwenye waya kadiri mota zake zinavyostahimili, na kwa muda mfupi zinaweza kubebeshwa kupita kiwango chake cha kawaida, hasa wakati wa kuondoka kwenye mwinuko. Faida ya pili iko kwenye gurudumu. Pistoni za mvuke husukuma kwa mapigo, lakini mota huzungusha kwa nguvu iliyo sawasawa, hivyo gurudumu halitelezi upesi kwenye chuma chenye umande. Karibu na stesheni ya Erstfeld kimewekwa kichwa kimoja cha umeme cha kizazi cha 1920, mashine ndefu yenye pua mbili ambayo watu waliipachika jina la Mamba. Ilikuwa na uzito wa tani 128, na ilitakiwa kuvuta tani 430 kwenye mwinuko huu kwa kilomita 35 kwa saa. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, au mwanzo tu?

Mwanzo tu. Katika miaka ya 1970 njia ile ile ilipewa vichwa vya tani 120, vyepesi kuliko Mamba, vyenye uwezo wa kuvuta tani 800 kwenye mwinuko huo huo kwa kilomita 80 kwa saa. Mlima haukupungua. Waya ulikuwa na volti zile zile 15,000. Kilichobadilika ni mota na vifaa vya kuiongoza nguvu. Kichwa cha dizeli cha uzito kama huo, zama hizo, kwa kawaida hakikufikia hata nusu ya nguvu hiyo, kwa sababu nacho hubeba kiwanda chake tumboni. Na huko juu kabisa hewa ni nyepesi, jambo linalopunguza pumzi ya injini yoyote inayochoma mafuta. Kupanda kumeeleweka. Vipi kuhusu kushuka?

Hapa ndipo hesabu iliponifanya nisimame njiani. Kuipandisha treni ya tani 1,000 kutoka Erstfeld hadi Göschenen, kimo cha mita 634, kunahitaji takriban yuniti 1,700 za umeme kwa kuushinda uzito peke yake, kabla ya kuhesabu msuguano na upotevu. Nguvu hiyo haipotei. Imewekwa akiba katika kimo. Treni ya mvuke ikishuka, akiba yote huteketea kwenye breki: vyuma vinapata moto, vinalika, na dereva anaomba visichoke kabla ya bonde. Mamba aliundwa tofauti. Wakati wa kushuka, mota zake ziligeuka kuwa majenereta, zikaizuia treni na kurudisha sehemu ya umeme kwenye waya. Treni inayoshuka kwenda Biasca, chini ya mlima upande wa kusini, inaweza kuisaidia nyingine inayopanda. Lakini waya unatoa tu kile ulichopewa, kwa hiyo umeme wa kwanza ulitoka wapi?

Ulitoka mlima ule ule. Vituo viwili vya kuzalisha umeme vilijengwa, kimoja kila upande. Kaskazini, Amsteg, maji ya mto Reuss yalitumiwa. Mto huo hujaa kiangazi theluji inapoyeyuka na kupungua majira ya baridi. Kusini, juu ya kijiji cha Piotta, maji yalishushwa kutoka ziwa Ritom, lililo kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800. Maji ya ziwa yaliweza kuwekwa akiba kwa miezi ya baridi, mto unapokauka. Ritom ilianza kazi mwaka 1920, Amsteg ikafuata. Mlima uliokuwa kikwazo ukawa ndio chanzo cha nguvu: kimo kile kile kinachoielemea treni ndicho kinachoyapa maji kasi ya kuzungusha tabo. Ikiwa hesabu ilikuwa nzuri hivi hata wakati wa amani, vita vilichangia nini?

Vilichangia mambo mawili yanayopingana. Kwanza vilichelewesha. Shaba na vifaa vikawa adimu, na aina ya umeme wa kutumia ilithibitishwa mwaka 1916 tu. Kisha vikaharakisha. Bei ya makaa ilipanda mara kadhaa, makaa yakawa turufu katika mazungumzo ya biashara kati ya nchi, na mwishoni mwa vita treni za Jumapili zikafutwa ili kuokoa makaa. Yeyote aliyekuwa bado na shaka alisimama kwenye stesheni isiyo na treni akapata jibu lake. Kufikia 1922 umeme ulikuwa umefika kutoka Luzern hadi Chiasso, na kufikia 1928 zaidi ya nusu ya mtandao wa taifa ulikuwa na nyaya. Vita viliupa mpango kasi, lakini mpango wenyewe uliandikwa na hesabu. Je, ni haki basi kusema kwamba hesabu hii inashinda mahali popote penye mlima?

Shahidi wa upande wa pili anatoka Montana, Marekani. Kati ya 1914 na 1920, reli moja ya huko ilitia umeme zaidi ya kilomita 1,000 za njia yake kuvuka milima ya Rocky na Cascade, kwa volti 3,000 za mkondo mnyoofu. Vichwa vyake navyo vilirudisha umeme wakati wa kushuka, na wageni walitoka mbali kuja kujifunza. Mwaka 1974 umeme ule ulizimwa kabisa na dizeli ikachukua nafasi yake. Ajabu ni kwamba bei ya mafuta ilikuwa imetoka kupaa mwaka uliotangulia. Baadhi ya wasimulizi wanasema umeme ulithibitika kuwa anasa. Wengine wanasema uliuawa na uamuzi mbaya. Ni upi kati ya ushahidi huu unaosimama?

Hakuna unaosimama peke yake. Umeme wa reli hiyo ulikuwa katika vipande viwili, kimoja Harlowton hadi Avery, kingine Othello hadi Tacoma, na katikati palibaki pengo la zaidi ya kilomita 300 lisilo na waya. Kila treni iliyovuka ililazimika kubadilisha vichwa. Mitambo ilikuwa imezeeka, na treni hazikuwa nyingi za kutosha kulipia upya wake. Gharama kubwa ya umeme ni nguzo, nyaya na vituo, navyo hudai malipo yale yale iwe zimepita treni mbili au arobaini. Gotthard ilikuwa njia kuu kati ya kaskazini na kusini mwa Ulaya, na treni zake hazikukatika. Je, ina maana mlima bila msongamano hautoshi?

Ndivyo ninavyousoma ushahidi. Faida za umeme mlimani ni za kweli, lakini zinahitaji mambo matatu yakutane: mwinuko unaokula nguvu, treni nyingi za kugawana gharama za nyaya, na chanzo cha umeme kinachoaminika. Seebach ilikosa mwinuko na treni. Montana ilikuwa na milima na maji, ikakosa treni na mwendelezo. Gotthard ilikuwa na yote. Wapo wanaosema hoja hii imepitwa na wakati, kwamba leo mtu hutoboa chini kabisa ya mlima badala ya kuupanda. Tangu 2016 treni nyingi zinapita handaki jipya la kilomita 57, ambalo halipandi zaidi ya mita 550 hivi. Lakini nani angethubutu kupitisha msururu wa treni za dizeli kwenye handaki la urefu huo?

Baada ya haya nilifungua ramani ya kwetu. Njia ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na mwaka 1955 ililetewa injini za mvuke za tani 250 hivi, kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inakutana na mlima wake kati ya Mlimba na Makambako, ambako ndiko kuliko na mahandaki mengi ya njia nzima. Vichwa vyake vya kwanza vya dizeli vilisumbuka kupandisha mizigo hapo, hata katika miaka ya 1980 vikaletwa vingine vyenye nguvu zaidi. Na sasa, tangu 2024, treni ya umeme inatoka Dar es Salaam usawa wa bahari, inapita milima ya Kilosa, inafika Dodoma kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, ikitumia volti 25,000 kwa hezi 50, zile zile hezi zilizoishinda Seebach. Kama hatua hiyo imewezekana huku, ni nini cha kuhofia?

Msomaji wa kwetu atajibu kabla sijamaliza sentensi: umeme kukatika. Hofu hiyo ni halali, na Gotthard inaijibu kwa vitendo. Wajenzi wake hawakuitegemea bahati. Walijenga vituo viwili vyenye tabia tofauti, kimoja cha mto na kimoja cha ziwa, ili upungufu wa kimoja uzibwe na kingine. Reli ya Dar es Salaam hadi Dodoma nayo ilijengewa njia yake ya msongo mkubwa, na bwawa la mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115. Lakini maji nayo yana majira, kama Reuss. Katika Vita vya Pili vya Dunia, makaa yalipoadimika tena, Waswisi walifunga vihita vya umeme ndani ya maboila ya injini mbili ndogo za mvuke, zikachemsha maji kwa umeme wa waya. Hufanyi jambo kama hilo isipokuwa umeme ndicho kitu pekee unachokiamini. Imani ya namna hiyo hujengwaje?

Inajengwa mapema, na hili ndilo ninaloliona kuwa funzo zima la njia hii. Kama Waswisi wangesubiri bei ya makaa ipande ndipo waanze kupima maji ya Ritom na kubishana juu ya hezi, vita vingewakuta na karatasi tupu. Dhiki ilipofika, michoro ilikuwa tayari, majaribio yamefanyika, hata lile la Seebach lililofungwa, na fedha zilikwishaidhinishwa. Kisa kinachopendwa kinasema dhiki huzaa uvumbuzi. Kumbukumbu zinasema dhiki huwasaidia waliokwisha kupiga hesabu, na huwaumiza wasiopiga. Swali la Mlimba na Makambako, basi, si kama tunaupenda umeme au tumeizoea dizeli. Shehena ya shaba ikiongezeka kwenye Reli ya Uhuru na treni zikawa nyingi, tutakuwa tumeshapima mwinuko, mzigo na maji, au tutaanza kupima siku dizeli itakapokuwa haishikiki?